Itaendlea

Sikutarajia kumwona Jairus. Naanza na hilo kwa sababu wiki kadhaa zimepita na mwili wangu bado haujakubali. Tulikuwa tumetoka kumuaga Mzee Harjit kwa moto, jinsi dini yake inavyotaka, tukarudi kwenye hekalu la Kalasinga hapa Nakuru, viatu tukaviacha mlangoni, tukafunika vichwa na kukaa chini kwenye mazulia marefu kula dengu na chapati. Pale huketi tajiri na mwenye mkokoteni bega kwa bega, na sahani ni za aina moja. Niligeuka kumwomba jirani yangu anisogezee jagi la maji. Jirani alikuwa mwanamume wa miwani na tumbo, amefungwa kichwani kile kitambaa cha rangi ya machungwa wanachowapa wageni waliokuja bila chochote. Akainamisha shingo upande kulichukua jagi, na kwa ile shingo tu nikamjua. "Niaje, Waya," akasema, kama mtu tuliyeachana jana jioni. Watu wananiita Mercy, wananiita mama fulani, kanisani wananiita dada. Waya hakuna aliyeniita tangu mwaka wa elfu mbili na nane. Badala ya kumjibu nikajimiminia maji mpaka yakafurika.

Majina yetu ya pili siyaandiki. Aliyekuwa Nakuru mwaka ule anajua sababu, na asiyekuwepo nitamwambia: jina la pili ndilo lililokuwa likiulizwa barabarani, na wako waliokufa kwa kulitaja vile lilivyo. Nikikuambia yetu yalikuwa ya wapi, utachagua upande wako hapo hapo na hutanisikiliza tena. Jua tu kwamba mimi na Jairus tulitoka pande mbili ambazo, ulipofika mwezi wa kwanza, watu walisema haziwezi kulala chini ya paa moja. Kabla ya hapo tulikuwa tumekaa chumba kimoja cha kazi karibu mwaka mzima tukigombana juu ya mambo ya maana, kama nani amekula achari yote.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la Mzee Harjit. Mbele aliuza vipuri vya redio, balbu, betri na nyaya kwa mita. Nyuma palikuwa na meza ndefu iliyoungua madoa, kabati la mikebe ya skrubu, dirisha moja la vyuma, na ngazi ya kupanda nyumbani kwake juu. Kulinuka lehemu na vitunguu kwa pamoja, kwa sababu jiko la mkewe, Mama Jasi, lilikuwa juu ya vichwa vyetu na sakafu ilikuwa ya mbao. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi nikaja kuuliza kazi ya kuuza kaunta. Mzee akanipa redio iliyokufa na chuma cha kulehemu, akaenda kunywa chai. Aliporudi redio ilikuwa inasoma habari. Hakunipongeza. Alisema, "Kesho kuja mapema," na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Jina la Waya alinipa Jairus, kwa kuwa nilikuwa natembea na vipande vya waya mfukoni kama watu wengine wanavyotembea na peremende.

Jairus yeye alikuwa mtu wa kompyuta, na kompyuta alijifunzia kwenye cyber, kwa dakika za kulipia, bila mwalimu. Alikuwa ameokota mashine tatu mbovu kutoka ofisi zilizokuwa zinahama, akaunda moja nzima, akaiweka kwenye meza yetu. Halafu akaandikia watu wa ng'ambo kwenye mtandao, nao wakatuma kifurushi cha CD za Linux, ule mfumo wa kompyuta ambao hauna mwenyewe, unaoruhusiwa kuuchukua, kuufungua ndani, kuubadilisha na kumpa mwenzako. Nilienda naye posta kukichukua. Karani alikigeuza kile kifurushi mara nyingi, akauliza tumelipa nini. Jairus akasema hakuna. Karani akamwita mwenzake, wakakitazama pamoja. "Mtu atoke Ulaya akutumie kitu, alipe stempu yeye, na hakujui? Kijana, hapo kuna kitu." Tulicheka njia nzima mpaka dukani. Siku hizi namkumbuka yule karani na sicheki sana.

Mzee Harjit naye hakuikubali hiyo habari mara moja. Alizaliwa Nakuru na alikijua Kiswahili tangu utotoni, ila chake kilikuwa cha dukani, kimekatwa pembe zote. Jairus alimweleza kwamba kompyuta yake ya hesabu, iliyokuwa imejaa virusi kwa ajili ya programu za wizi alizowekewa na mtu wa mtaa wa pili, ingepona akiweka hii mpya, tena ya bure. Lilikuwa kosa lile neno. Mzee alivua miwani. "Veve nasikia vizuri neno yako? Bure. Mtu mimi nadharau nasema nini? Nasema huyu bure kabisa. Sasa nataka kuweka bure kwa duka yangu." Jairus akajaribu tena: basi tuseme ni huru. Mzee akasema huru ni ng'ombe bila kamba, inakula shamba ya jirani. Basi iko wazi, Mzee, iko wazi tu, kila mtu anaweza kuona ndani. "Mimi iko na duka," akajibu Mzee, "na jioni mimi nafunga." Mabishano hayo yalidumu msimu mzima, na wakati yakiendelea kompyuta ya hesabu ilikufa kabisa, Jairus akaiwekea Linux bila ruhusa, na Mzee akaitumia mpaka mwisho wa maisha yake bila kukiri kwamba inafanya kazi.

Saa ya chakula tulipanda juu. Mama Jasi hakuuliza kama una njaa, alikuwekea. Chapati zake zilikuwa nyembamba mpaka unaona vidole, na dengu ilikuwa na pilipili ya kumtoa mtu kamasi. Sisi tulipenda kuzungumza kazi tukila, na yale maandishi ambayo mtu huandikia kompyuta tuliyaita kodi, kama Wazungu wanavyotamka. Kwa muda mrefu Mama Jasi, akiwa jikoni, alisikia tu "kodi yako ni mbaya," "hii kodi nitaifuta," akaamini kwamba tumeshindwa kulipa nyumba. Siku moja alituita kando, akatuuliza kwa huruma kama mwenye nyumba anatusumbua. Jairus alipaliwa na chai. Namkumbuka hivyo, machozi yanamtoka, anapiga meza, na Mama Jasi ameshika mwiko hajui kosa lake ni lipi.

Mpango wa viazi ulizaliwa kwenye meza hiyo hiyo. Mama Tabby alikuwa mkulima na mshonaji wa yunifomu za shule kutoka upande wa Molo, mjane, mwanamke wa sauti kubwa aliyemletea Mama Jasi viazi na kabichi, na akishusha alikaa kula nasi. Kila alipokuja alikuja na hasira moja. Mabroka walikuwa wanafika shambani na lori, wanasema Nairobi bei imeanguka, wanashona gunia na kilemba juu, ile wanaita lumbesa, na mkulima hana pa kuuliza. "Ningejua tu bei ya leo," alisema. "Leo, si ya juzi." Jairus aliacha kutafuna. Kwenye mtandao alikuwa ameona programu ya wazi inayoweza kuifanya simu kuukuu itume ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo. Aliichukua, akaifungua, akaibadilisha iseme Kiswahili. Mimi nikatengeneza waya wa kuunganisha simu na kompyuta, kwa sababu wa dukani haukuwepo, na niliunguza simu mbili nzuri kabla ya kupatia. Tuliipeleka Molo kwenye stoo ya kikundi chao cha wakulima, kwenye baridi ile inayopita koti. Asubuhi mtu wa soko la Nairobi anatuma bei, na kabla chai haijaisha wakulima wote wanayo kwenye simu zao. Broka wa kwanza aliyekuja kudanganya alionyeshwa simu na mabibi watatu kwa pamoja. Mama Tabby alitusimulia huku amesimama, akiigiza huyo broka alivyorukia lori lake kukimbia.

Sasa nifike kwenye lile neno. Ujumbe wa simu ulikuwa na nafasi chache, ukiwa mrefu programu iliukata, na mwisho wa kipande cha kwanza ikaandika kwamba utaendelea. Jairus, kwa haraka yake, aliandika "itaendlea". Niliona siku ya kwanza kabisa. Nikamwambia umekula herufi. Akasema ameokoa nafasi. Nikamwambia huo ni uvivu, sahihisha, watu wazima watatucheka. Akakunja mikono, akasema hasahihishi, fundi wa viti huacha alama yake chini ya kiti, na hiyo ndiyo yake. Na kweli watu walicheka, lakini kwa kupenda. Kule Molo likawa neno. Ukiuliza mtu kama chai imeiva, anakujibu itaendlea. Mhubiri mmoja, nasikia, alimaliza nalo mahubiri, kanisa likaangua kicheko. Kila mkulima wa upande ule alijua neno hilo ni la kijana Jairus wa Nakuru, na yeye alilibeba kama medali. Mimi liliniudhi kila mara nikiliona, nami sikuchoka kumwambia.

Akawa anagawa. Yeyote aliyeuliza alipewa CD na programu yote ndani, na maandishi yake yote yakiwa wazi: shule, makanisa, watu wa mbao wa Elburgon, watu wa maziwa, vijana wa vyama waliotaka kuitana mikutano. Mzee Harjit alimwuliza, "Veve najua hii watu yote?" Jairus akasema si lazima niwajue, Mzee, hiyo ndiyo maana yake. Chukua, badilisha, peana. Alilisema hilo kwa uso unaong'aa, na nilimpenda kwa uso huo, sisemi mapenzi ya kuoana, nasema vile unavyompenda mtu ambaye hajawahi kufikiria baya. Miezi ya mwisho kabla ya uchaguzi watu walikuja kwa wingi kuchukua CD, na sisi tulidhani dunia imeamka.

Ya uchaguzi wenyewe sina haja ya kuyasimulia. Tulipiga kura, tukangoja, halafu kila kitu kilipasuka. Mpaka leo nikijaribu kuyapanga yale majuma hayapangiki. Nakumbuka moshi upande wa juu, nakumbuka lori la magodoro na mbuzi mmoja amefungwa juu, nakumbuka jirani tuliyekuwa tukisalimiana kila asubuhi akigeuza uso. Nyumba niliyopanga ilipochomwa nilienda kwa Mzee, kwa kuwa miguu haikujua njia nyingine. Nilimkuta Jairus ameshafika. Na yeye alifukuzwa, mtaa mwingine, na watu wengine, wa upande wangu. Tulitazamana kwenye ngazi. Hatukuulizana lolote. Mzee alikuwa amefunga duka kwa minyororo, akafunga na geti la vyuma la chini, na funguo alizitia kwenye mfuko wa shati. Baadaye akaja Mama Tabby na watoto wake, na kaka yake Simon, wametoka Molo kwa kujificha. Shamba lilikuwa limeisha. Hakukuwa na sauti kubwa tena. Alikaa pembeni mwa jiko la Mama Jasi akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

Tuliishi hivyo, watu wa pande zote kwenye sebule moja yenye picha za watu wazee wa vilemba ukutani. Tulikula chapati zilizozidi kupungua ukubwa. Redio tuliiweka chini. Njiapanda, hatua chache kutoka duka, vijana walikuwa wameweka mawe na matairi, na waliopita waliombwa vitambulisho. Vijana hao walikuwa wa upande wangu, wa kina Mama Tabby. Kwa hiyo mimi ningeweza kutoka. Jairus asingefika kwenye mtaro. Sote tulijua hivyo, na hata watoto hawakumtaja jina karibu na dirisha.

Ilikuwa mchana, tumemaliza kula. Jairus alikuwa kwenye sinki anaosha vikombe, kazi aliyojipa mwenyewe. Simu ya Mama Tabby ikalia kwenye meza. Alikuwa na mazoea ya kusoma ujumbe kwa sauti, tangu enzi za bei, akaanza kuusoma hivyo hivyo kabla hajajua ni nini. Namba ilikuwa ngeni. Sitaandika maneno yote. Walimwita kwa jina la mdudu, wakasema waliobaki Molo watoke, wakasema wanajua waliokimbilia Nakuru wamelala wapi, na kwamba siku ya... Hapo ujumbe ukakatika. Halafu akasoma neno la mwisho polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa shule. "I-ta-e-ndle-a."

Waya niliouunda kwa mikono yangu, programu niliyokula nayo chapati, ilikuwa imefika mpaka sebuleni ikiwa imebeba kitu hicho. Mama Tabby aliinua kichwa. "Hii ni ya Jairus," akasema. Hakuwa na hasira. Alishangaa, na ule mshangao wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. Jairus alikuja mikono ikitiririka maji, akaichukua simu, akasoma, na nikaona midomo yake ikigeuka majivu. Akasema neno la kijinga kuliko yote ambayo angeweza kuchagua. Alisema, "Hii ni yangu."

"Umesikia kwa mdomo wake," Simon akasema, na tayari alikuwa amesimama. Alikuwa mtu mpole, Simon, fundi wa baiskeli, na juma hilo alikuwa amezika mtu bila jeneza. "Mzee, nifungulie. Naenda kuongea na hao vijana hapo chini. Waje wamchukue wao, mimi simgusi." Mama Jasi alianza kusema maneno ya lugha yake, harakaharaka. Mzee Harjit hakusogea kwenye kiti. Kiganja chake kilikuwa juu ya mfuko wenye funguo, na sikuweza kujua kama anazilinda au anazitoa.

Nilikwenda nikasimama kwenye mlango wa ngazi. Nikaishika fremu kwa mikono miwili. Niliwaambia hii programu hata Jairus hakuiumba, aliichukua kwa watu, na alipomaliza aliwapa watu, na kila aliyechukua alichukua pamoja na kosa lake. Maneno ya kompyuta yalinikimbia yote. Nikamwambia Mama Tabby, mama, wewe unashona. Ukikata karatasi ya mfano wa yunifomu, uandike jina lako pembeni, uiazimishe, na mtu wa nne ashonee mwizi nguo, jina kwenye karatasi si bado ni lako? "Ni langu," akasema. "Na mwizi singekuwa nimemshonea mimi." Halafu akaongeza, na hili limenikaa moyoni: "Lakini mimi, Mercy, siazimishi karatasi kwa mtu nisiyemjua." Jairus akairudisha simu mezani.

Simon alisema hayo ni maneno ya shule. Akasema, "Mimi nauliza kitu kimoja. Ni yeye ama si yeye?" Na wote wakanigeukia, hata watoto. Ndipo Mzee Harjit akaongea, kwa mara ya kwanza, na hakumwuliza Jairus. Aliniuliza mimi. "Veve nasema si yeye?"

"Si yeye, Mzee."

"Veve nasema kwa kudhani, ama veve naona na macho?"

Nilimtazama Jairus. Nataka niseme kweli hapa: sikuona kitu usoni mwake. Uso ulikuwa mtupu. Ulikuwa uso wa mtu asiye na hatia, na ungeweza kuwa uso wa mtu aliyefumaniwa, na mimi niliyemjua kwa mwaka mzima sikuweza kutofautisha. Kwao walikuwa wamemchomea kaka yake nyumba juma hilo hilo, watu wa upande wangu. Nilijua mtu anaweza kugeuka, nilikuwa nimewaona wakigeuka mtaani kwangu, watu wazuri kuliko mimi.

"Nimeona kwa macho," nikasema. "Niliiangalia mashine yake. Haikutoka kwake."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja. Akaziacha funguo mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. "Simon, kaa chini," akasema. "Mama nakuletea chai." Simon alibaki amesimama mpaka chai ikaja, halafu akakaa, akaufunika uso, akalia kwa sauti kama mtoto. Mama Tabby alimwekea mkono mgongoni. Sehemu ya pili ya ule ujumbe tuliingoja siku hiyo yote, simu iko katikati ya meza, hakuna aliyetaka kuigusa. Haikuja. Siku chache baadaye rafiki wa Mzee mwenye lori la mbao alimpitisha Jairus alfajiri, chini ya turubai. Hatukuagana vizuri. Alinishika mkono tu, akaukaza, akashuka ngazi.

Duka lilifunguliwa mwezi wa nne. Nilirudi chumba cha nyuma, nikafuta vumbi kwenye kompyuta yake, nikaiwasha. Ndani ya maandishi ya programu mtu anaweza kuacha mstari ambao mashine haiusomi, ni wa binadamu atakayekuja baadaye. Nilikwenda moja kwa moja mahali lile neno lilipo. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, itaendelea, herufi zote, na tarehe ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja, kabla ya yote. Chini yake kulikuwa na mstari wa binadamu: "Haya Waya, nimesahihisha. Sasa uniachie achari." Alikuwa amenisikia na hakuniambia. Mashine yake isingeweza tena kuliandika vibaya. Waliotuma vile vitisho walitumia CD ya zamani, na ni akina nani sijajua mpaka leo. Mtu mbishi atasema angeweza kuwa nayo na yeye. Mwambie mbishi huyo aje akae pale nilipokaa, asome ule mstari. Niliinamia meza na nikashindwa kuinuka mpaka Mama Jasi aliposhuka kunitafuta.

Yote hayo yalinipitia kichwani pale hekaluni na maji yangu yamefurika. Jairus alinisimulia machache. Anafundisha kompyuta mji wa mbali, ana watoto. Programu bado anagawa, akasema, ila siku hizi kwanza anakaa na mtu anakunywa naye chai. Nilimwuliza jambo lililonisumbua miaka yote: kwa nini siku ile hakujitetea, kwa nini hakusema ameshasahihisha. Alilishangaa swali.

"Nani angenielewa? Na wewe ulikuwa umeshawaambia. Ulikuwa umefungua mashine, ukaona."

Nilianza kupangusa yale maji yaliyofurika kwa ncha ya leso.

"Waya, hiyo ndiyo kitu imenibeba," akasema. "Watu wamenigeuka, wengine wananitupia maneno hadi leo. Nasema sawa, lakini kuna mtu mmoja Nakuru aliangalia, akaona, anajua. Mtu mmoja ana ushahidi."

"Niliifungua mwezi wa nne, Jairus. Ukiwa umeshaenda."

Alianza kutabasamu kama mtu anayesahihishwa tarehe ndogo. Halafu tabasamu likasimama.

"Kwa hivyo siku ile, pale kwa mlango."

"Sikuwa nimeona kitu."

"Ulikuwa hujui."

"Sikujua."

"Na ingekuwa ni mimi?"

"Ningekuwa nimesema tu hivyo hivyo."

Mama mmoja wa hekalu alikuwa anapita kwenye mstari wetu na ndoo ya dengu, akamwuliza kama aongezewe. Jairus alinyoosha sahani bila kumwangalia, macho yakiwa kwangu. Upawa ulipinduka, dengu ya moto ikamwagikia vidole na kifundo, yule mama akashtuka akaanza kuomba msamaha na kutafuta kitambaa. Jairus hakuuvuta mkono. Aliendelea kunitazama, sahani ameinyoosha vile vile.